ARTHUR HOLMES, MTU ALIYEYAPA MAWE UMRI

Ukiondoka hapa Mikinduri ukateremka kuelekea Tharaka, utaona nchi inabadilika. Huku juu, kwenye vilima vya Nyambene, tunalima udongo mwekundu uliotokana na volkeno. Kule chini, kadiri unavyoukaribia Mto Tana, udongo unakuwa haba na majabali yanajitokeza, yana michirizi myeupe na myeusi iliyopindapinda. Wengi wetu huyapita tu, eti ni mawe. Kumbe ni mizizi ya safu ya milima ya zamani za kale! Mtu aliyeupa ulimwengu picha ya safu hiyo ni Arthur Holmes.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Mwaka wa 1907 alikwenda London kusoma fizikia, halafu akavutwa na elimu ya miamba. Siku hizo wataalamu walibishana sana juu ya umri wa dunia. Holmes akashika njia mpya. Ndani ya mawe mengine mna urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole mno. Ni kama kuni na jivu mekoni: ukijua moto unakula kuni kwa kasi gani, kisha ukapima jivu na kuni zilizobaki, utajua moto uliwashwa lini. Mwaka wa 1911, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alitangaza kwamba mawe fulani kutoka Norwe yana umri wa miaka milioni 370.

Lakini elimu peke yake haijazi tumbo. Pauni 60 alizopewa kwa mwaka hazikumtosha, basi akakubali kazi ya kutafuta madini Msumbiji, wakati huo ikiwa chini ya Wareno, kwa mshahara wa pauni 35 kwa mwezi. Madini ya maana hawakuyapata. Alichopata yeye ni malaria, tena kali, hata ikapigwa simu kwao Uingereza kwamba amekwisha kufa! Bahati nzuri alipona, akarudi nyumbani na mawe aliyookota huko, akayachunguza na kuandika habari zake.

Taabu hazikuishia hapo. Mwaka wa 1920 alikwenda Burma kufanya kazi na kampuni ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na jambo lililomvunja moyo zaidi, mwanawe mdogo akafa huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alirudi Uingereza mikono mitupu. Ilikuwa mwaka wa 1924 ndipo alipopata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Durham. Baadaye, mwaka wa 1943, akawa profesa wa Edinburgh.

Huko Durham alitoa wazo lililowashangaza wengi. Alisema kwamba joto lililo ndani ya dunia huyasogeza mawe ya chini polepole kama uji unaochemka, na mwendo huo huweza kuyabeba mabara. Wakati huo wataalamu wengi walicheka waliposikia kwamba mabara hutembea. Yeye hakujali, akachapisha makala yake mwaka wa 1931. Siku hizi kila mwanafunzi wa jiografia anafundishwa kwamba mabara husogea.

Sasa turudi kwenye majabali yetu. Katika kazi yake iliyochapishwa mwaka wa 1951, Holmes alionyesha kwamba miamba ya upande wa mashariki wa Afrika ni ukanda mmoja mrefu wa milima ya kale iliyolika. Akauita Ukanda wa Msumbiji, nchi ile ile iliyotaka kumwua. Ukanda huo unapita Tanzania na Kenya ukielekea Ethiopia. Milima ya Usambara, Pare na Taita ni ya miamba hiyo, na Tharaka vilevile.

Wataalamu waliomfuata wamepima na kuona kwamba mabara yaligongana hapa yapata miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita. Tabaka za mawe zilikunjwa kama mkeka unaosukumwa ukutani. Nyingine zilikatika, zikasukumwa upande wa magharibi na kupanda juu ya zenzake. Zilizozama chini zilipikwa kwa joto hata zikapata ile michirizi. Milima hiyo hulinganishwa na Himalaya ya leo! Mvua na mito ikaila hadi mizizi, ndipo juzijuzi tu, katika miaka milioni chache iliyopita, volkeno za Nyambene zikamwagika juu yake. Kwa hiyo sisi wa Mikinduri tunaishi juu ya paa jipya lililoezekwa kwenye msingi wa kale.

Mwaka wa 1964 Holmes alitunukiwa Tuzo ya Vetlesen, heshima kubwa kabisa kwa wataalamu wa miamba. Alifariki London tarehe 20 Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 75.

Wanafunzi wenzangu, Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Holmes aliinama. Alikwenda Msumbiji kutafuta mali akakosa, lakini mawe yasiyo na bei aliyoyabeba yalimpa elimu ambayo mpaka leo inatueleza nchi yetu ilitoka wapi. Basi ukiokota jiwe njiani, usilitupe kabla ya kulitazama.