Joginder Singh: fundi wa garaji aliyeshinda Safari na gari ya okazio

Mtu anayepita asubuhi kwenye garaji za Bunia, kuanzia pembeni ya Boulevard de la Libération mpaka ndani ya Mudzipela, ataona picha moja kila siku: gari yenye kuwa na miaka mingi kuliko kijana anayelala chini yake. Injini imeshushwa na kuwekwa juu ya pine kuukuu, piese zimepangwa juu ya karto, mkubwa wa garaji anaita mwanafunzi alete ufunguo namba 14. Gari nyingi zimefika kwa njia ya Mombasa na Kampala, zikaingia kwa Aru ao Mahagi, zikiwa zimekwisha kutembea inchi zingine. Usukani mara nyingi uko kwa mkono wa kuume, na huku watu wanaendesha kwa kuume. Kijana anazifungua, anazisafisha, anainua resori, anachomelea bati chini ya karteri, juu anajua barabara ya Komanda ao ya Mongbwalu haina huruma.

Kazi ya namna hiyo iliwahi kushinda makampuni makubwa ya dunia. Ilikuwa Nairobi, Pasaka ya mwaka 1965, na aliyeifanya ni mwana wa fundi wa garaji, jina lake Joginder Singh.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 Kericho, kule magharibi ya Kenya kwenye mashamba ya majani ya chai. Jina kamili ni Joginder Singh Bhachu. Baba yake alitoka Punjab, India, kama Masikh wengi waliokuja Afrika ya Mashariki na ujuzi wa mikono: wahunzi, maseremala, mafundi wa reli na wa mashini. Mzee huyo alifungua garaji, na mtoto akakulia mule ndani. Hakuna masomo ya uendeshaji yaliyomfundisha kuliko ile garaji. Shofere ambaye hajawahi kufungua kisanduku cha gia anasikia tu kelele. Yule aliyeifungua mara 100 anasikia ni jino gani limeanza kuchoka. Joginder alikuwa wa namna hiyo ya pili, na mambo yote yenye kufuata katika maisha yake yanatoka hapo.

Ili kuelewa alichofanya, inafaa kwanza kujua Safari ilikuwa nini. Mashindano yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa malkia Elizabeth II wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka kwenye uwanja wa lami. Gari zilitembea kilomita kama 5,000 kwa siku za Pasaka, usiku na mchana, wakati mvua ya masika inaanza. Barabara haikufungwa. Mbele ya mshindani kulikuwa malori, baiskeli, ng'ombe, mbuzi, watu wanaotoka kanisani. Kila kituo kilikuwa na saa yake: ukichelewa dakika, unapata alama ya kosa, na mwenye makosa kidogo ndiye mshindi. Mwaka 1963 gari 84 zilianza na 7 tu zikafika. Mwenyeji wa Ituri anayejua namna lori inaweza kulala wiki nzima ndani ya matope hatashangaa hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo Safari ilikuwa soko. Kampuni ikishinda pale, wanunuzi Afrika nzima waliamini gari yake. Ford, Peugeot, Mercedes na wengine walituma mafundi, piese, shofere kutoka Ulaya, na pesa. Volvo ya Sweden nayo ilijaribu. Mwaka 1964 ilileta timu yake na gari za PV544, zikiendeshwa na watu wenye jina kubwa huko kwao. Hawakupata walichofuata. Ford ilishinda na Cortina GT, watu wa Volvo wakarudi nyumbani, na moja ya gari zao ikabaki Kenya, imechoka.

Ndiyo gari yenye Joginder alinunua.

Watu wengi hawaijui PV544 siku hizi. Ni gari ya milango miwili, mgongo wa mviringo kama wa kobe. Umbo lake linatoka kwa PV444, ambayo Volvo ilianza kuuza mwaka 1947. Mwaka 1965 ilikuwa imekwisha kuzeeka kwa macho ya watu wa mtindo, na kweli mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kiwanda kikaacha kuitengeneza. Lakini chini ya ile sura ya kizee kulikuwa chuma kizuri: injini B18 ya lita 1.8, yenye karbiratere mbili kwa zile za sport, bodi ngumu, gia nne, nguvu ikienda kwa magurudumu ya nyuma. Pia ilikuwa kati ya gari za kwanza duniani kutoka kiwandani na mkanda wa usalama wa pembe tatu, mwaka 1959. Kwa fundi anayechagua gari ya kupiga nayo mashimo siku nne, hiyo ni orodha nzuri kuliko rangi na mapambo.

Kutengeneza gari ya okazio iliyopita Safari si sawa na kutengeneza gari ya taksi. Ile imepigwa mahali pasipoonekana. Lazima ishushwe yote: injini, kisanduku cha gia, akseli, resori. Mahali amortisere inashikwa kwenye bodi ndipo panapasuka kwanza, ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi, na usipoufuta kwa burashi ya chuma huuoni. Panachomelewa na kuongezewa bati. Chini ya injini kunawekwa sahani nene ya chuma, juu jiwe moja likitoboa karteri, mafuta yanamwagika na mashindano yameisha. Gari inainuliwa, lakini kwa kipimo. Ukiinua kupita, inapinduka kwenye kona, na ukiinua kidogo, inakaa na tumbo juu ya tuta la katikati ya barabara. Mabomba ya esanse na ya breki yaliyopita chini yanahamishwa ndani. Mbele kunafungwa mataa makubwa, na vyuma vya kukinga wanyama. Njia ya hewa ya injini inapandishwa juu kwa ajili ya mito. Tena kuna mambo madogo ambayo hayaonekani kwenye picha yoyote: kila nati kukazwa na kufungwa ili isilegee kwa mtikisiko, kila waya kupitishwa mahali hausuguliwi, mapine ya akiba, kamba, jembe.

Hapa ndipo vijana wengi wanaokarabati gari kwa ajili ya mbio wanakosea, Bunia kama kwingine. Wanaanza na injini. Wanatafuta nguvu na kelele ya eshapamani. Breki inabaki ileile ya zamani, na bodi imeoza kwa chini. Gari za Safari zilifundisha kinyume: injini ya PV544 haikuwa na nguvu ya kuogopesha Mercedes wala Ford. Iliyoshinda ni gari isiyosimama.

Kopilote wake mwaka ule alikuwa Jaswant, mdogo wake. Ndugu wawili, gari ya okazio, garaji ya familia. Walipewa namba 1, maana yake ndio waliotoka wa kwanza. Kwenye barabara kavu hiyo ni bahati, huli vumbi la mtu. Kwenye matope ni kazi: wewe ndiye unayejaribu kila mto kwa ajili ya wale wa nyuma. Waliondoka Nairobi wakiwa mbele na wakarudi Nairobi wakiwa mbele. Wa pili, Ian Jaffray na Peugeot 404, alikuwa nyuma yao kwa dakika 100. Mashofere wakali wanajua kwamba kwenye mashindano ya siku hizi mtu anashinda kwa sekunde. Dakika 100 ni kama kuwasili, kuoga na kula kabla mwenzako hajaingia.

Volvo, iliyotumia pesa mwaka 1964 bila kupata kitu, ikapata ushindi wake mkubwa wa Afrika kupitia gari iliyokuwa imeiachilia.

Kenya wakati huo ilikuwa na uhuru wa miezi 16 tu. Watu wa asili ya India walikuwa katikati: si wakoloni, lakini wengi hawakuwahesabu kama wenye inchi. Miaka michache mbele, maelfu kati yao waliondoka Kenya kwenda Uingereza kwa ajili ya sheria za uraia na za biashara, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda. Katikati ya hayo yote mtu mwenye kilemba cheupe alisimama juu ya kapo ya gari na umati wa Waafrika ukamshangilia kama mtoto wao. Wazungu walimuita Sikh Anayeruka. Wakenya walimuita Simba. Jina lilimfaa mara mbili, kwa maana Singh, kwa lugha ya wahenga wake, ni simba.

Huku kaskazini-mashariki ya Kongo neno hilo lilikuwa na uzito mwingine miaka ileile. Simba walikuwa waasi wa 1964, na wazee wa Ituri na wa Kisangani wanaokumbuka wakati ule hawakulisikia jina hilo kwa furaha. Kilomita mia chache kati ya inchi mbili, na neno moja likabeba mambo mawili yasiyofanana kabisa.

Joginder hakuwa mtu wa ushindi mmoja. Alishiriki Safari mara 22, mwaka hadi mwaka kuanzia 1959 mpaka 1980, na mara 19 alifika mwisho. Kati ya hesabu zote za maisha yake, hiyo ndiyo inayoeleza zaidi yeye ni nani. Alipita Volvo, Datsun, Mitsubishi, Mercedes. Alikuwa akiendesha na masikio: akisikia gari inalalamika anapunguza, hata mshindani akimpita, kwa sababu alijua baada ya kilomita 300 atamkuta huyo amefungua kapo pembeni ya barabara.

Miaka ilipita na Safari ikabadilika. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa Mzungu wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda, na mwaka 1973 mashindano yakaingia katika ubingwa wa dunia. Wengi walifikiri muda wa shofere wa nyumbani umeisha. Mwaka 1974 Joginder, na miaka 42, alikuja na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari ndogo ya kampuni ambayo haikuwa na jina katika mashindano hayo. Kopilote alikuwa David Doig. Upande mwingine kulikuwa Björn Waldegård wa Sweden na Porsche 911. Porsche ilimaliza ya pili. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia, na kila mwenye Lancer anayejivunia historia ya gari yake leo anaanzia pale, akijua ao bila kujua.

Mwaka 1976, Joginder na Doig walirudia, na Lancer ileile ya aina moja. Mara hii Mitsubishi ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Huo ulikuwa ushindi wake wa tatu, akiwa na miaka 44, umri ambao wengi wamekwisha kuacha usukani kwa watoto.

Alishiriki kwa mara ya mwisho mwaka 1980. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Safari yenyewe ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021, kandokando ya Naivasha. Gari za sasa zinakuja na kontena za piese na barabara zinafungwa kabla hazijapita. Lakini tokea 2003 kuna mashindano mengine, Safari ya Classic, ya gari za zamani peke yake. Humo bodi za miaka ya 1960 na 1970 zinafunguliwa tena, zinachomelewa mahali pa amortisere, zinafungwa sahani chini ya karteri, na usiku kwenye vituo vya kupumzika mafundi wanalala chini yake na taa ya mkononi, wakitafuta ufa.