TOM MBOYA: ALIKOSA KARO, AKAWATAFUTIA WENGINE

Yeyote aliyewahi kufika jijini Nairobi anaijua barabara ya Tom Mboya, maana ndiko matatu nyingi hushukisha abiria. Wengi wetu pia tumesoma katika Historia kwamba alikuwa waziri na kwamba aliuawa kwa risasi. Lakini si wengi wanaojua kuwa mtu huyu aliacha shule kwa sababu ya karo. Hayo ndiyo nataka kuwasimulia.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Babake, mzee Leonard Ndiege, alikuwa amekwenda kutafuta riziki katika shamba la mkonge la mzungu, na mshahara wa shambani mnaujua ulivyokuwa siku hizo za ukoloni. Hata hivyo mzee huyo alijinyima akampeleka mwanawe shule. Mboya alisoma Kabaa katika Ukambani, akaenda Yala katika Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia Mang'u, shule ya wamisheni Wakatoliki iliyokuwa na sifa kubwa.

Huko Mang'u alifaulu mtihani wa shule za sekondari za Waafrika. Kilichobaki ni kuendelea hadi mtihani wa Cambridge, ambao ndio uliokuwa ufunguo wa kuingia chuo kikuu. Basi hapo ndipo mambo yalipokwama. Kichwa kilikuwepo, pesa hazikuwepo! Mzee Ndiege hangeweza kuendelea kumlipia.

Kijana huyo angeweza kurudi nyumbani akae akilalamika. Badala yake alitafuta masomo ambayo hayangemtoza babake karo. Mwaka wa 1948 alijiunga na mafunzo ya mabwana afya katika Jeanes School, Kabete. Kazi yenyewe ilikuwa ya kukagua maziwa, nyama, maji na usafi wa majengo. Hiyo haikuwa njia ya kwenda chuo kikuu, lakini ndiyo njia iliyokuwa wazi. Wanafunzi wenzake huko walimchagua kuwa kiongozi wao. Alipomaliza aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kazini alikuta ubaguzi. Bwana afya Mwafrika alilipwa mshahara mdogo sana akilinganishwa na Mzungu wa kazi ile ile. Siku moja mwanamke Mzungu aliingia ofisini na maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyekuwa amesimama pale pale, kisha akauliza kama kuna mtu! Mambo kama hayo yalimfanya aingie katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953 akiwa na umri wa miaka 23 tu, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo nchini.

Je, masomo aliyasahau? La hasha! Alisoma kwa njia ya posta kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini. Halafu mwaka wa 1955 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilimpa msaada wa masomo, akaenda chuo cha Ruskin mjini Oxford kwa mwaka mmoja. Ruskin ni chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wazima wa tabaka la wafanyakazi, wale ambao hawakupata nafasi ya kusoma sana. Hakupewa nafasi hiyo kwa huruma, bali kwa kazi aliyoifanya, na watu waliiona.

Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati huo uhuru ulikuwa unanukia, lakini Waafrika waliokuwa na digrii walikuwa wachache mno. Nafasi za Makerere hazikutosha, na vyuo vya Uingereza vilikuwa ghali. Mboya akaenda Marekani mwaka wa 1959, akazunguka huku na huko akihutubia na kuomba vyuo viwape vijana wetu nafasi bila malipo. Vyuo vilikubali. Sasa taabu ikawa nauli. Barua ya chuo unayo mkononi, lakini bahari utaivukaje?

Hapo Mboya, akisaidiwa na Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, aliendelea kupiga hodi. Huko Marekani mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango. Hapa nyumbani wazazi waliuza ng'ombe na majirani wakachanga. Septemba 1959 ndege ikapaa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya alikwenda mwenyewe kwa Seneta John Kennedy kuomba, na wakfu wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia mwaka wa 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri.

Wakoloni walibeza mpango huo. Walisema ati vyuo vingine vya Marekani ni hafifu. Ni kweli vingi vilikuwa vidogo na havikuwa na jina. Lakini msichana mmoja wa Nyeri alikwenda mwaka wa 1960 katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas. Msichana huyo ni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Chuo kidogo kilicholipiwa kilimfikisha mbali kuliko chuo kikubwa cha ndotoni.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa jijini Nairobi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na umri wake miaka 38. Alizikwa Rusinga. Hakuwahi kukaa darasani akasomea digrii, lakini mamia walipata zao kwa sababu yake.

Wenzangu, hasa nyinyi wa Kidato cha Nne, mtajaza majina ya vyuo na kozi. Kuna watakaopata kozi wanayoitamani lakini karo haipatikani, na kuna watakaopata ile isiyo ghali lakini moyo hauitaki. Mboya alishika iliyowezekana, akaifanya vizuri hata akawa na la kuonyesha alipoomba msaada. Basi fomu ya basari isikuoneshe haya. Ijaze, ambatisha matokeo yako, peleka mapema. Ukinyimwa, bisha mlango wa pili. Mwenye haja ndiye mwenda choo!