Krapf: Aliandika kamusi, akafa kabla haijachapishwa

DESEMBA 3, 1849, akiwa Kitui, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliona kwa mbali mlima wenye kilele cheupe. Watu wa Embu walimweleza kwamba hawakuthubutu kuukwea hadi juu kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichoporomoka kwa kishindo. Krapf akaamini kuwa ni barafu. Mjini London W. D. Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alimpinga vikali.

Kuwauliza wenyeji na kuandika walichosema ndiko kulikomfundisha Krapf Kiswahili pia. Mzaliwa wa Derendingen, karibu na Tübingen (1810), alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya kufungiwa njia ya Ethiopia. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Julai, homa ilimchukua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Hakuacha kukusanya maneno.

Mwaka 1850 alitoa sarufi ya Kiswahili pamoja na msamiati wa lugha sita, zikiwemo Kikamba na Kipokomo. Agosti 1851, karibu na mto Tana, wanyang'anyi walimuua mwenyeji wake, mfanyabiashara maarufu Kivoi. Krapf aliponea chupuchupu. Alijaza maji katika mitutu ya bunduki na mfuko wa darubini, akarudi Kitui akitembea usiku.

Ugonjwa ulimrejesha Ujerumani mwaka 1853. Kamusi aliiandika kwa herufi za Kirumi, wakati Waswahili wenyewe wakitumia za Kiarabu, na akaegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Alifariki Novemba 1881; kamusi ikatoka London mwaka 1882. Joseph Thomson naye aliukaribia mlima ule uliobishaniwa mwaka 1883.

Baadaye Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, kushindwa huko kwa Kimvita kuliipa kamusi thamani nyingine. Hesychius wa Alexandria, katika karne ya 5 au ya 6, alikusanya maneno adimu ya Kigiriki, na mengi kati yake yanajulikana leo kupitia kwake tu. Vivyo hivyo, atafutaye usemi wa Mombasa ya miaka ya 1840 hana budi kumfungua Krapf.

Mlima aliuandika Kegnia, kama alivyosikia Ukambani. Mwaka 1920 jina hilo, kwa tahajia ya Kenya, likawa la koloni zima.