Muyaka: Fundi wa vijembe wa Mombasa

Ukiwa stejini Zombe, matatu ya Kitui haijajaa, si ajabu una simu mkononi unasikiliza wasanii wawili wakirushiana vijembe. Utadhani mchezo huo umeanza jana. Hebu nikupeleke Mombasa ya miaka mia mbili iliyopita, kwa Muyaka bin Haji.

Alizaliwa yapata 1776. Mji ulikuwa mikononi mwa Wamazrui, waliokataa katakata kuamrishwa na Omani. Usidhani huko kulikuwa mbali na Kitui kama unavyofikiri. Enzi hizo Wakamba walikuwa wakishuka Mombasa na misafara ya pembe za ndovu.

Muyaka alikuwa rafiki wa watawala hao, na ulimi wake ulikuwa mkali si mchezo. Mnamo 1812 hivi, Mombasa na Pate waliivamia Lamu wakachapwa vibaya kule Shela. Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kila Said alipoitishia Mombasa, Muyaka aliwatia wenzake moyo na kuwakejeli maadui kwa mashairi.

Lakini hakuwa wa siasa tu. Wakati tenzi ndefu za dini ndizo zilizopewa heshima, yeye alitunga beti fupi za mistari minne kuhusu mapenzi, ndoa na umaskini, kwa Kiswahili cha mtaani kwao. Mimi hizo ndizo nazipenda zaidi.

Halafu ukaja 1837. Said akautwaa mji, viongozi wa Kimazrui wakakamatwa na kusafirishwa kwenda kufungwa ng'ambo. Muyaka akabaki. Fikiria: umemkejeli mtu miaka nenda miaka rudi, kisha yeye ndiye mwenye mji. Aliishi chini ya utawala huo hadi alipofariki 1840.

Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa 1940, tena Johannesburg, miaka mia kamili tangu mwenyewe azikwe.

Hukaa nikajiuliza ni beti ngapi zilizikwa na wazee ambao Sikujua hakuwahi kuwafikia.