Moraa wa Ng'iti: Mganga na Chungu cha Mboga

Jina la Moraa, mke wa Ng'iti, hutajwa kila panapozungumziwa vita vya Abagusii dhidi ya Waingereza. Kinachotajwa kwa nadra ni kazi iliyompa sauti ya kusikilizwa. Moraa alikuwa omoragori, yaani mwaguzi, katika Kitutu, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Kisii na Nyamira.

Uaguzi kwa Abagusii ulikuwa hasa kazi ya wanawake. Omoragori alitafuta chanzo cha maradhi, na mara nyingi aliagiza kafara: mbuzi au kuku achinjwe, nyama iliwe na jamaa kwa pamoja. Tiba ilikuwa pia mlo. Ilikuwapo vilevile tiba ya jikoni isiyohitaji mwaguzi. Mwanamke aliyejifungua alipikiwa chinsaga, mboga ambayo Waswahili huiita mgagani, ili arudishe damu na nguvu. Mboga hiyo ni chungu mno. Huchemshwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa maziwa ili uchungu upungue. Rinagu, yaani mnavu, ilitumiwa kwa maumivu ya tumbo, nayo huliwa kwa ugali wa wimbi.

Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza liliwaua watu wengi Ugusii na kuteka ng'ombe kwa maelfu. Hasara hiyo haikuwa ya mali tu. Maziwa ya mzazi yalikwenda, na mnyama wa kafara akaenda. Pengine ndiyo sababu mwaguzi, wala si mpiganaji, ndiye aliyewachochea vijana wasikubali.

Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, jamaa yake Moraa, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, mtawala wa Kisii. Northcote alipona. Kisasi kilikuwa kikali: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa tena, na Otenyo akauawa. Moraa naye alikamatwa, kisha akaachiliwa.

Northcote alikuja kuwa gavana wa Hong Kong mwaka wa 1937, miongoni mwa Wachina ambao tangu kale huamini kwamba chakula na dawa vina asili moja. Tabibu wao Sun Simiao, wa karne ya 7, alishauri mgonjwa atibiwe kwanza kwa chakula, na dawa itumike chakula kikishindwa. Moraa asingeona ugeni wowote katika ushauri huo.

Wazazi wa Kisii na Nyamira wangali wanapikiwa chinsaga, na maziwa yangali yanatiwa.