Henry Cole na kadi ya kwanza ya Krismasi

Msomaji, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwingereza Henry Cole, mzaliwa wa Bath mwaka 1808, alisaidia kuleta posta ya peni moja mwaka 1840. Kisha barua za sikukuu zikamfurika, na kutojibu ni utovu wa adabu. Mwaka 1843 akamwagiza mchoraji John Callcott Horsley kadi, zikachapwa kama 1,000; zilizozidi zikauzwa shilingi moja moja. Pembeni maskini wanalishwa na kuvishwa. Katikati mtoto ananyweshwa divai, na wapinzani wa ulevi wakalalama. Cole alifariki mwaka 1882. Kadi chache zimesalia, baadhi zikitunzwa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas, Marekani. Karatasi imeishi kumpita mwenyewe.