Isaac Newton: Dogo Aliyetolewa Shule Akachunge, Akaishia Kuelezea Mkokoteni wa Gatina

Ukikaa Gatina unaijua hii. Msee wa mkokoteni ukiwa mtupu anausukuma kidogo tu unachomoka. Ukijaa mitungi ya maji, anasukuma kwa nguvu ile ile lakini unajikokota. Kuna jamaa aliiweka hiyo stori kwa hesabu zaidi ya miaka 300 iliyopita. Kama ulimjulia tu kwa darasa la fizikia, hujui vile alisota.

Isaac Newton alizaliwa Krismasi ya 1642, kwa kalenda ya zamani ya Uingereza, kijijini Woolsthorpe. Buda yake alikuwa ameshakufa miezi 3 kabla. Akiwa na miaka 3, mathe akaolewa tena, yeye akaachwa kwa shosho. Alipofika kama miaka 17, mathe akamtoa shule aangalie shamba na mifugo. Kwa hiyo kazi alikuwa bure kabisa. Mjomba wake na mwalimu wake, Henry Stokes, wakamwomba mathe hadi akakubali dogo arudi darasani.

Mwaka wa 1661 akaingia Trinity College, Cambridge, akiwatumikia wenye doo ndio naye asome. 1665 tauni ikapiga, chuo kikafungwa. Unakumbuka 2020 vile shule zilifungwa? Wengi wetu tulilala. Yeye alikaa ocha akipiga hesabu.

Mwaka wa 1687 akatoa kitabu, Principia. Edmond Halley ndiye alilipia uchapishaji kutoka mfukoni mwake. Humo ndimo kuna sheria yake ya pili ya mwendo, ile Leonhard Euler alikuja kuiandika kwa hesabu tunayoijua: nguvu ni uzito wa kitu, ule wa kilo, mara mchapuko, yaani vile spidi yake inaongezeka.

Rudi kwa mkokoteni. Tuseme ni kilo 50, na ukishatoa msuguano, nguvu inayobaki ni nyutoni 100. Gawanya: kila sekunde spidi inapanda kwa mita 2 kwa sekunde. Weka mitungi 10 ya lita 20, sasa ni kilo 250. Nguvu ile ile inakupa 0.4 tu. Na kusimamisha ni vivyo hivyo, ndio maana mkokoteni uliojaa ukishika mteremko, wewe hepa!

Baadaye alisimamia kiwanda cha sarafu London, akapewa cheo cha Sir 1705, na 1720 akapoteza ganji mob kwa hisa za South Sea. Kichwa kubwa pia huchomeka. Alikufa 1727, akazikwa Westminster Abbey.

Mimi niliacha chuo katikati, so sikuhubirii. Lakini cheki: bila mjomba na mwalimu, huyu angekufa mkulima mbaya. Kama kuna dogo kwa ploti yenu amekaa nyumbani juu ya fees, ongea na wazazi wake. Wakati mwingine mtu anahitaji tu msukumo wa kwanza.